Kimya, Barabara ya Viazi

Katika mtaa wa baba, barabara zina majina ya chakula:
Njegere, Maharage, Tikiti, Viazi.
Tartu, Februari, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
na theluji imepanda hadi dirisha la jikoni
kama paka anayetaka kufunguliwa.

Naingia na mkate mweusi na samaki wa kopo.
Hatujasemezana tangu Krismasi,
nilipochukua funguo za gari lake
nikazitia mfukoni mbele ya wageni.
Miaka themanini na moja, jicho moja lina ukungu,
na bado alinitazama kama mwizi wa kuku.

Leo hanitazami. Ameinamia kompyuta
iliyofunguliwa ubavu, juu ya gazeti,
na mkononi ana kadi ya sauti ya mwaka tisini na nne,
ndefu kama kitana cha farasi.
Meno yake ya dhahabu ameyasugua kwa kifutio cha penseli.
"Shika tochi," anasema.
Maneno mawili. Nayahesabu.

Nauliza mpya ni bei gani. Najua: euro kumi na mbili,
ndogo kama ukucha, unachomeka, inaimba.
"Mpya haisikii," anasema. "Hii inasikia diski ikizunguka,
inasikia kipanya kikisogea. Inavuma.
Mlikuwa mmelala, mimi nafanya kazi,
nikisikia ule uvumi najua mashine i hai."

Sikujua. Nilidhani usiku alikuwa peke yake.

Kadi inaingia kwa mlio wa mfupa.
Linux inaamka, mistari myeupe inashuka gizani,
jina baada ya jina, wote wamo:
kibodi, diski, kadi ya mtandao.
Yake haimo.
Anaipa anwani kwa mkono, mbili-mbili-sifuri,
kama anayemwelekeza mgeni nyumba isiyo na namba.
Mashine inajibu: laini ya tano ina mwenyewe.
Ni kadi ya mtandao. Mafahali wawili, zizi moja.
Anamhamishia mmoja laini ya kumi,
anapakia moduli upya, anakosea herufi,
anatukana kwa Kirusi cha jeshini, anarudia.

Saa tatu usiku jina linatokea.
Anachezesha faili. Sekunde zinakwenda,
moja, mbili, tisa,
spika zimekaa kama wake wenza.
Kimya kingi kina mshindo, wanasema;
hiki hakina hata chafya.

Anavua miwani. Mkono unatafuta ukingo wa meza.
Basi nasogea mimi, nafungua kichanganyaji:
safu ya mirija, kila mmoja na kipimo chake,
na chini ya kila mrija herufi M mbili, za kijivu.
"Hizi nini?"
Analeta jicho zima karibu na skrini
hadi pumzi inatia ukungu kioo.
"Imenyamazishwa," anasema polepole.
"Kumbe siku zote. Haikuwa bubu.
Ikiwekwa mara ya kwanza huanza imefungwa mdomo,
isije ikamshtua mtu."
Kidole changu kiko juu ya M. Nangoja.
"Bonyeza, basi."

Mkwaruzo mmoja. Kisha uvumi,
mdogo, wa kahawia, kama birika kabla halijachemka.
Nasogeza kipanya: zzi, zzi.
Anacheka kwa mabega tu.
Kisha sauti ya mwanamke, ya majaribio, inasema "Kushoto"
kutoka kulia,
na "Kulia" kutoka kushoto.
Nyaya zimepishana. Hakuna anayeinuka.

Saa nne na robo. Samaki wameisha, tumekula kwenye kopo.
"Basi la mwisho limekwenda," anaambia ukuta.
"Ingefaa uwe na gari."
"Ninalo," nasema. "Lako."

Diski inazunguka. Kadi inasikia.